Thomas Cook, Ratiba Yangu na Miji Minne ya Ulaya

Mwaka jana kikundi chetu cha ngoma na maigizo cha wanafunzi wa Kiswahili, hapa Kampala, kilipata mwaliko wa kwenda kucheza Ulaya kwa siku tisa. Tulikuwa watu 14. Kwa kuwa napenda ramani na naandika kwa mwandiko unaosomeka, nilichaguliwa kuwa katibu wa safari. Nilikaa wiki tatu nikipanga: siku mbili Brussels, siku mbili Cologne, siku mbili Strasbourg, siku tatu Paris. Nilitafuta treni za asubuhi kwa sababu ni rahisi, nikahesabu vitanda, nikapanga nani alale na nani, nikaandika mpaka mahali pa kula wali. Ratiba ilipokamilika niliisoma mbele ya wenzangu, wakapiga makofi, nami nikajiona mvumbuzi.

Muhula huohuo nilikuwa nasoma historia ya Ulaya ya karne ya 19. Nikiwa maktaba, natafuta habari za reli, nilikutana na Thomas Cook na safari aliyoiongoza mwaka 1855. Alianzia bandari ya Harwich, akavuka bahari hadi Antwerp, kisha Brussels, Cologne, mto Rhine, Heidelberg, Baden-Baden, Strasbourg, na mwisho Paris. Niliitazama ratiba yake, nikaitazama yangu. Nilijisikia kama mtu anayegundua kwamba wimbo alioutunga usiku uliimbwa na babu za jirani yake. Ndipo nilipoamua kuandika insha hii, kwa kuwa nilitaka kujua yule mtu alipangaje, bila simu wala intaneti, jambo ambalo mimi lilikuwa linaninyima usingizi.

Cook alizaliwa mwaka 1808 katika mji mdogo wa Melbourne, jimbo la Derbyshire, Uingereza. Alikuwa seremala, na zaidi ya useremala alikuwa mhubiri wa Kibaptisti na mpinzani mkubwa wa ulevi. Safari yake ya kwanza ya kikundi haikuwa ya starehe. Tarehe 5 Julai 1841 aliwachukua watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, mwendo wa maili 11 hivi, kwenda kwenye mkutano wa kupinga pombe. Kila mmoja alilipa shilingi moja. Msomaji asidharau maili hizo 11. Siri yote ya kazi aliyoifanya baadaye imo ndani yake.

Siri yenyewe ni hii. Treni inapoondoka stesheni ikiwa na mabehewa matupu, kampuni ya reli imepata hasara ambayo haiwezi kuirudisha kesho. Mtu akija akasema, "Nitakuletea abiria 500 siku fulani, saa fulani," kampuni inaweza kushusha nauli na bado ikapata faida. Lakini mtu huyo amejitwisha mzigo. Wasipokuja 500, aibu ni yake, na pengine hasara ni yake. Mpangaji wa safari ya kikundi anauza ahadi mara mbili: anawaahidi wenye reli kwamba watu watakuja, na anawaahidi watu kwamba treni itakuwepo. Yeye mwenyewe hana treni. Nilipolielewa hilo nilikumbuka jinsi nilivyomwomba mwenye hosteli ya Cologne atuwekee vitanda 14 kabla hatujachangishana hata shilingi, nikaona kwamba mimi na seremala wa Leicester tunajuana.

Mwaka 1851 Cook aliwapeleka zaidi ya watu 150,000 kwenye Maonyesho Makuu ya London. Wengi walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini na kati. Miaka minne baadaye Paris nayo ilifanya maonyesho yake, na hapo ndipo alipojaribu kuvuka bahari. Kampuni zilizoshika njia fupi za kwenda Ufaransa hazikutaka kumpa punguzo. Alilazimika kuzunguka kupitia Harwich na Antwerp, na ndiyo maana ratiba ya 1855 inapita Ubelgiji na Ujerumani kabla ya kufika Paris. Watu huiona kama ratiba ya mtu aliyependa kuona mengi. Mimi naiona kama ratiba ya mtu aliyefungiwa mlango wa mbele akapita uani, halafu akawaambia wageni wake kwamba uani kuna mandhari nzuri. Na kweli ilikuwepo.

Fikiria matatizo yake njiani. Ujerumani haikuwa nchi moja bado. Cologne ilikuwa chini ya Prussia, ambako watu walitumia thaler. Heidelberg na Baden-Baden zilikuwa katika dola ya Baden, ambako walitumia gulden. Ubelgiji na Ufaransa zilitumia faranga. Abiria wake walitoka nyumbani na pauni. Kwa hiyo katika safari ya siku chache mtu alishika fedha za aina nne, na kila alipobadilisha alipunjwa kidogo. Pasipoti nazo zilikuwa zikidaiwa na kukaguliwa mpakani. Katika safari ile Cook alikuwa mkalimani, mshika fedha, mchunga mizigo na mchungaji wa roho, na juu ya hayo yote alipata hasara. Kwa miaka kadhaa alirudi kwenye safari zake za Uskoti, alikozoea.

Huenda angebaki huko. Lakini mwaka 1862 kampuni za reli za Uskoti zilikataa kuendelea kumpa tiketi za punguzo, kwa kuwa ziliona zinaweza kuwachukua watalii hao zenyewe. Mlango ulifungwa tena, na tena alilazimika kutafuta njia nyingine. Mwaka 1863 alielewana na reli iliyokwenda Brighton na Newhaven, wakawa wanavuka hadi Dieppe, kisha Paris, kisha Uswisi.

Safari ya Uswisi ya mwaka huo tunaifahamu vizuri kwa sababu ya msichana mmoja wa Yorkshire aliyeitwa Jemima Morrell. Alikuwa na umri wa miaka 31, hakuwa ameolewa, na aliandika shajara. Yeye, ndugu yake na marafiki wachache walijipa jina la utani, kikundi chao wakakiita Junior United Alpine Club, kana kwamba ni wapanda milima wa kutisha. Waliondoka London tarehe 26 Juni 1863. Walipita Paris, wakafika Geneva, wakaenda Chamonix kuona barafu ya milimani, wakavuka hadi Martigny, wakapanda treni mpaka Sion ambako reli iliishia, wakapita kwa miguu na kwa nyumbu njia ya Gemmi, wakateremka hadi Interlaken na Grindelwald, wakafika Lucerne, wakapanda mlima Rigi ili waone jua likichomoza, wakarudi kupitia Neuchâtel na Paris. Wiki tatu kwa jumla. Gharama ilikuwa karibu pauni 20 kwa mtu.

Shajara hiyo ilipotea, ikaja kupatikana baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikachapishwa mwaka 1963, miaka mia moja baada ya safari. Kinachonivutia ni jinsi ilivyojaa uchovu. Walikuwa wakiamka gizani. Wanawake walipanda milima wakiwa na magauni marefu yenye vitanzi. Chuma cha kuwapandisha watalii Rigi kilianza kazi mwaka 1871, kwa hiyo Jemima na wenzake hawakukikuta. Leo mtu akisema "likizo" anafikiria kulala. Hawa walikwenda likizo kama watu wanaokwenda kulima kabla jua halijawa kali.

Hata hivyo, naona jambo kubwa zaidi katika kikundi kile ni wanawake. Mwanamke Mwingereza wa tabaka la kati ambaye hana mume asingeweza kwa urahisi kwenda Geneva peke yake mwaka 1863 bila watu kumsema. Ndani ya msafara wa Cook aliweza. Kikundi kilikuwa stara yake. Na baada ya siku za kwanza, kikundi cha Jemima kiliendelea chenyewe milimani kikiwa na tiketi za Cook mkononi, bila Cook mwenyewe. Hapo ndipo mpango ulipopevuka: mpangaji hayupo, lakini mpango unatembea.

Geneva ya wakati ule ilikuwa na jambo lililonichekesha. Kwenye mnara wa kisiwani, katikati ya mji, karne hiyo palikuwa na saa tatu: moja ya Paris, moja ya Geneva, moja ya Bern. Paris ilikuwa nyuma ya Geneva kwa takriban dakika 15, na Bern mbele kwa dakika 5. Kila mji ulifuata jua lake. Abiria aliyetaka treni ya Ufaransa alipaswa kujua saa ipi inamhusu. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tunaelewa shida hiyo kuliko Wazungu wa leo, na nitaieleza tena baadaye, kwa sababu ilinipata.

Baada ya 1863 mambo yalikwenda haraka, nami nitapita haraka. Italia mwaka 1864. Kuponi za hoteli mwaka 1868, yaani karatasi unayoinunua London na kumpa mwenye hoteli wa Lucerne badala ya fedha. Kitabu cha ratiba za treni za Ulaya nzima mwaka 1873. Mwaka 1874 hati za fedha ambazo msafiri aliweza kuzibadilisha katika miji mingi. Kila kimoja kati ya hivi ni jibu la usumbufu wa 1855. Wenye hadhi walichukia. Charles Lever, mwandishi wa Kiayalandi aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini La Spezia, aliandika kwa dhihaka kwamba watalii hao ni wahalifu ambao makoloni ya Australia yameshakataa kuwapokea, na sasa wanamwagwa Italia. Kwa maneno mengine, Ulaya ilikuwa nzuri mradi wasije watu wa kawaida. Cook alijibu kwa hasira, na naona alikuwa na haki.

Lakini sikutaka kumsifu tu. Kampuni hiyohiyo, ikiongozwa zaidi na mwanawe John Mason Cook, ilipata nguvu kubwa katika mto Nile. Mwaka 1884 serikali ya Uingereza iliipa kazi ya kusafirisha jeshi lililotumwa kumwokoa Jenerali Gordon aliyezingirwa Khartoum. Boti za watalii na boti za askari zilipangwa katika ofisi moja. Mtu anayejua kusogeza watu 500 kwa wakati na kuwalisha njiani hana uchaguzi mgumu wa kufanya anapoambiwa kwamba safari hii watu hao wana bunduki. Kazi ni ileile.

Na sisi? Je, watu wa Afrika Mashariki hawakuwahi kuzunguka miji ya Ulaya kwa kikundi katika enzi hizo? Walizunguka. Mwaka 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar alikwenda na msafara wake London na miji mingine ya Uingereza, kisha Paris, na habari za safari hiyo zikachapishwa kwa Kiarabu. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alifika Urusi na Siberia akifuatana na bwana wake Mjerumani, akaandika kwa Kiswahili aliyoyaona. Carl Velten aliyachapisha mwaka 1901 katika kitabu cha safari za Waswahili ambacho sote tunakisoma darasani. Na mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikkiro wa Buganda, pamoja na katibu wake Ham Mukasa, walikwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII.

Safari ya Kagwa inanihusu kama Mganda, basi niruhusiwe kukaa hapo kidogo. Walivuka ziwa, wakapanda reli mpya ya Uganda hadi Mombasa, kisha meli. Kutawazwa kulipangwa tarehe 26 Juni. Siku mbili kabla yake mfalme aliugua na kufanyiwa upasuaji, sherehe ikaahirishwa hadi tarehe 9 Agosti. Mtu yeyote aliyewahi kupanga safari ya kikundi atasikia maumivu tumboni akisoma habari hizo: umekuja kutoka Mengo hadi London kwa ajili ya siku moja, na siku hiyo imehama. Walisubiri, wakapelekwa kuona viwanda, meli, makanisa na miji. Ham Mukasa aliandika yote kwa Luganda kwa makini ya ajabu, na kitabu kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1904 kwa tafsiri ya mmisionari Ernest Millar, ambaye ndiye aliyewaongoza safarini.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Jemima alinunua tiketi, akaongozwa siku chache, kisha akaendelea peke yake. Barghash, Selim na Kagwa walionyeshwa. Mtu mwingine alichagua waone nini na wasione nini: kiwanda hiki, kambi ile ya kijeshi. Walikuwa wageni wenye akili sana, na Ham Mukasa hakuwa mtu wa kudanganywa kwa urahisi, lakini ratiba haikuwa yao. Ndiyo maana nilijivunia ratiba yangu kuliko nilivyostahili. Nilidhani kwamba kuandika ratiba kwa mkono wangu kumetosha.

Kuna jambo moja la Cook ambalo halionekani kwenye mabango yake. Mwishoni mwa mwaka 1860 Napoleon III aliwaondolea Waingereza sharti la kuonyesha pasipoti wanapoingia Ufaransa. Miaka miwili na nusu baadaye, Jemima anashuka Dieppe na kuendelea na safari. Bila uamuzi huo, mpango wa 1863 ungekuwa mzito kama ule wa 1855. Tunasema reli iliumba utalii wa vikundi, na ni kweli, lakini reli haina faida kwa anayezuiwa stesheni ya kwanza. Pasipoti zilirudi kwa ukali na vita vya 1914. Kisha mwaka 1985 nchi tano zilitia saini mkataba katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, na kuanzia 1995 mtu aliweza kutoka Brussels hadi Cologne bila kusimamishwa. Mpaka wa ndani uliondoka. Wa nje ulibaki, ukawa mmoja na mrefu.

Sisi tulikutana nao Kampala, ofisini, tukiwa na mafaili. Kila mtu yuro 90 za ombi, bima ya angalau yuro 30,000, barua ya chuo, taarifa za benki za wazazi. Kwa watu 14, ada peke yake ilikuwa yuro 1,260, na hairudishwi. Tulikuwa tumeipata kwa kucheza kwenye harusi na kwa kuuza mandazi kwenye mabweni. Majibu yalipokuja, kumi walipata viza. Wanne walipewa karatasi yenye alama kwenye kisanduku kimoja, kinachosema kuna shaka kama mwombaji ana nia ya kurudi kwao. Mpigaji ngoma wetu mkuu alikuwa mmoja wa wanne hao. Mwingine nilikuwa mimi.

Tulikutana jioni ile. Wengine walisema safari ivunjwe, ama wote ama hakuna. Mpigaji ngoma alikataa. Alisema ngoma zake zina mikono mingine inayozijua, na siku mbili zilizofuata alikaa na mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza akimfundisha mpaka viganja vikavimba. Mimi niliichapa ratiba upya, nikafuta majina manne, nikarudisha vitanda vinne, nikamkabidhi kiongozi. Sikulia mbele yao.

Basi wakaenda. Brussels ilikwenda vizuri. Asubuhi ya siku waliyotakiwa kutoka Cologne nilikuwa chumbani nafua, simu ikalia. Ni kiongozi wetu, na nyuma yake nasikia kelele za stesheni na mtu anakohoa.

"Dada katibu, samahani. Ratiba yako inasema treni ni saa nne na dakika arobaini na tatu. Tiketi inasema 10:43. Hizi ni treni mbili? Wawili wetu wameshaondoka kwenda kuona kanisa kubwa, wanasema mpaka saa kumi ya jioni tuna nafasi."

Nilikuwa nimeandika ratiba nzima kwa saa za Kiswahili, kwa kuwa ni kanuni ya kikundi chetu kwamba nyaraka zote ziwe kwa Kiswahili sanifu. Nilimwambia ni treni moja. Nilimuuliza saa yake inasemaje.

"Kumi na dakika kumi na tano."

Kanisa kuu la Cologne liko kando kabisa ya stesheni. Nililijua kutoka kwenye ramani kana kwamba nimezaliwa pale. Nikamwambia amtume mmoja atoke kwa mlango ule unaotazama kanisa, avuke uwanja, awaite kwa majina, na wengine wabaki na ngoma jukwaani. Nikakaa kitandani na simu sikioni, povu la sabuni likikauka mikononi, nikisikiliza mpaka wakaniambia wote kumi wamepanda.